Viboko Vinne, Kama Ilivyoandikwa

Niliingia maktaba ya Migori kwa sababu ya simu. Chaji ilikuwa imeisha, mvua inamwagika, na mlinzi akaniambia soketi ziko ndani, mradi nitulie. Unanijua, rafiki yangu: kutulia siwezi. Nimeuza viatu Isebania, nimechimba dhahabu, nimepakia miwa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nikiona mlango uko wazi nusu, lazima nichungulie. Chumba cha nyuma kilikuwa na kibao: HISTORIA YA KWETU. Ndani, msichana wa maktaba alikuwa akipanguza picha kuukuu, na mbele yake kitabu kipana chenye jalada jeusi.

"Hiki nilimnyang'anya muuza njugu," alisema akicheka. "Alikuwa ameshafungia njugu kurasa za mwanzo. Watu wanalamba chumvi kwenye historia yao, jaduong'," akaniita hivyo, mzee, kwa Kijaluo.

Nikakifungua. Kilikuwa kitabu cha adhabu cha shule yangu ya msingi, kule Karungu.

Utoto wetu ulinuka omena, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa juu ya nyavu zilizochakaa. Asubuhi tulichota maji ziwani, tukala nyoyo iliyolala chunguni, mahindi yake magumu na maharagwe yake matamu, kisha tukakimbilia shule. Na tulipigwa. Nyanya alitumia mwiko. Wavuvi walitwangana kwa makasia wakigombea samaki, damu ikaingia mchangani, nasi watoto tukashangilia. Nyanya alikuwa na msemo wake: "Mkono uliokulisha, ukikuchapa, nyamaza." Lakini mwalimu mkuu hakutulisha. Kila Jumatatu tulimkatia fito za mpera, mbichi, maana kavu huvunjika mapema.

Siku moja mwenzangu wa dawati alivunja hindi moja katika shamba la mwalimu. Tulilichoma nyuma ya choo, tukagawana. Yeye ndiye aliyeonekana na masizi mdomoni.

"Wanne!" mwalimu mkuu aliita.

Ndivyo ilivyokuwa desturi: wanne wanamshika, wawili mikono, wawili miguu. Mguu wa kushoto nilipewa mimi, na nusu ya hindi bado ilikuwa tumboni mwangu. Nilihesabu, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu. Cha kumi na mbili kilichana shati. Cha kumi na tano alinyamaza, nikahisi mguu unalegea mikononi mwangu. Cha kumi na tisa kiliukosa mgongo kikatua kwenye sikio la kushoto, damu nyembamba ikashuka hadi kwenye kola. Mwalimu mkuu alifuta jasho, akaandika: kuiba hindi moja, viboko vinne. Kisha akanipa kalamu. Kiranja wa darasa ndiye aliyetia sahihi kama shahidi, na kiranja nilikuwa mimi.

Kesho yake mama wa mwenzangu alikuja amemshika mwanawe mkono, kichwa cha mtoto kimefungwa leso. Hakujua kusoma. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele yake na kitabu.

"Msomee."

Nikasoma, nikatafsiri kwa Kijaluo. Mama aliinama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mwanangu, ni vinne?"

Ufito ulikuwa juu ya meza.

"Ni vinne, mama."

Alimshika mtoto wake wakaondoka. Wiki ile ile nami nikaacha shule. Watu wakiniuliza sababu, husema karo.

Sasa sahihi yangu ilikuwa pale, herufi za mviringo nilizosifiwa.

"Dada, futa hapa," nilimwambia msichana wa maktaba.

"Nifute? Hapa hatufuti, jaduong'. Hata uongo tunauhifadhi. Ila kama una la kuongeza, karatasi hii. Andika, weka jina, nitaiambatanisha na ukurasa huo."

"Na nisipoweka jina?"

"Basi anayekuja kusoma ataamini ile yenye jina."

Niliandika mpaka simu ikajaa. Hindi tulikula wawili. Viboko kumi na tisa. Nilishika mguu. Nilidanganya. Nikaweka jina, akanitolea nakala.

Nilipanda boda hadi Sindo, alikohamia mama yule na mwanawe. Njiani nilipitia Karungu. Mipera imekatwa. Darasa letu la udongo halipo, kuna jengo la matofali, na watoto hawaruhusiwi tena kuchapwa. Mwalimu mkuu alishazikwa. Ufuo wetu umefunikwa na magugu ya ziwani, na vile vita vya makasia siku hizi vinasimuliwa kama vichekesho. Tumesahau kwamba viliuma. Cha siku zile kilichobaki ni kitabu, nacho kilikuwa kikisema uongo kwa mkono wangu.

Mama alikuwa ameketi akichambua omena. Mwanawe, mwenzangu wa dawati, mvi kichwani, alikuwa akishona wavu karibu naye. Hakugeuka nilipobisha hodi. Nilijitambulisha, nikasoma karatasi yote kwa Kijaluo. Mama hakuacha kuchambua.

"Kumi na tisa," alisema mwishowe. "Nilizihesabu alama usiku ule nikimkanda. Nilijua. Nilichokuwa sijui ni kama wewe utakuja."

"Nisamehe, mama."

"Si mimi uliyemshika mguu." Alinyoosha kidole chenye magamba ya samaki kwa mwanawe. "Soma tena. Kaa upande wa kulia, huo ndio unaosikia."

Nilivuta kigoda nikahamia kulia kwake. Aliweka wavu chini, akaniangalia mdomoni, nikaanza upya.