Vakansi ya Kuazima

Walisema safari yangu ya ziwani haitafika hata mji wa Salima. Walisema polisi watanishusha njiani, na kama nitapenya, wenye kambi ya wageni huko ufukweni watanipa fagio badala ya mahali pa kulala. Shemasi mmoja, jirani yangu pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, alisema mbele ya watu wote waliopanga foleni bombani: "Bantu iko natafuta unga, huyu mwalimu anatafuta vakansi! We, vakansi ni ya bantu benye kuwa na kwabo."

Vakansi ni likizo ya kustarehe. Nilimjibu kwamba kwetu ninako na ziwa ninalo, tena kubwa kuliko la Malawi. Leo naandika haya nikiwa nimerudi kwetu Uvira, Kongo, katika nyumba ya matofali niliyoijenga kwa akili na jasho langu, na dirisha lake linatazama maji. Shemasi hajambo. Hunipigia simu kuniomba ushauri.

Niliingia Malawi nikikimbia vita, na mali yangu ilikuwa nguo nilizovaa na diploma ya serikali, ya ualimu, niliyoikunja ndani ya soksi. Wengine walikaa kungoja mgao. Mimi nilikwenda Lilongwe, nikapata watoto wa mfanyabiashara wa mtaa wa Area 49 wa kuwafundisha Kifaransa, na punde nikawa mtu anayetembea kambini na shati lililopigwa pasi. Siku moja, kwenye kituo cha mabasi mjini, nikawaona vijana wa kizungu waliobeba mabegi makubwa mgongoni kama konokono, viatu vyao vimechakaa kuliko vyangu, wakibishana na kondakta juu ya nauli. Nikamuuliza mmoja wao waendako. Akasema ziwani: kulala chini ya hema, kujipikia, kuogelea. Hoteli hawaiwezi.

Nikabaki nimesimama. Kulala chini ya turubai, kupika juu ya mawe matatu, kuchota maji kwa foleni: hayo yote nilikuwa nayo kila siku, na hakuna aliyewahi kuniita mtalii! Kilichokosekana ni ziwa tu.

Ruhusa ya kutoka kambini niliipata. Nauli niliitoa kwenye masomo yangu. Vifaa niliazima. Turubai lilikuwa la shemasi yuleyule, aliyenipa ili baadaye acheke vizuri. Begi lilikuwa la fundi cherehani wa Kawale, mtaa wa Lilongwe, mtu wa Bukavu, aliyelishona kwa miguu ya suruali za jinzi. Sufuria yenye kifuniko ilikuwa ya mama kiongozi wa kwaya yetu, mjane wa mvuvi kutoka Fizi, upande wa ziwani. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwana wangu, unajua chombo ya mwenzako hairudiaka mutupu."

"Najua, mama."

"Usiniletee unga. Usiniletee nyanya. Unaenda kwa ziwa, utaleta samaki ya ziwa."

Nikaahidi, kwake na kwa wale wengine wawili, tena kwa sauti kubwa, maana kuahidi kimyakimya sijui. Samaki wakavu wa sokoni tulikuwa nao, wamejaa mchanga, wamepita mikono mingi. Mama alitaka wa kutoka majini, wenye moshi mpya, ambao hakuwa ameonja tangu akimbie. Na kwetu, anayerudisha chombo kitupu haazimwi tena hata kiberiti. Kwa mkimbizi, ambaye hata kiti cha kumkalisha mgeni anakiomba kwa jirani, hiyo ni hukumu.

Basi lilishuka kutoka Lilongwe na joto likapanda. Pale Salima nikadandia matola, pikapu ya wazi iliyojaa watu na magunia, na barabara ilipoinama nikaliona. Maji! Mpaka mwisho wa macho! Nilipiga kelele hata dereva akafunga breki, akidhani kuna abiria ameanguka.

Langoni, mlinzi wa kambi ya wageni alinitazama kuanzia viatu hadi sufuria.

"Palibe ntchito, bambo." Hakuna kazi.

"Sitafuti kazi," nilimjibu kwa Kichewa changu cha sokoni. "Nimekuja kupumzika."

"Kupumzika na nini?"

"Na uchovu wangu."

Alicheka, akachukua malipo yangu, akanionyesha uwanja wa mahema. Nikafunga turubai la shemasi kati ya miti miwili, katikati ya mahema ya rangi, nikavua shati na kuingia majini. Niliogelea kama mtoto aliyetoroka shule. Wazungu walikuwa wanaingia kwa ncha za vidole. Mimi nilipiga mbizi na kutokea mbali, wakanipigia makofi. Diploma yangu haitaji kuogelea, lakini ilistahili kutaja.

Nilipotoka, nyani walikuwa wamefungua begi. Mkubwa wao alikaa juu ya ukuta, uso mweupe kwa unga wangu wa muhogo kama mwokaji mikate. Usiku upepo ukang'oa turubai nikalala nimelikumbatia. Asubuhi, bila chakula wala usingizi, nilikuwa na furaha mpaka naona aibu.

Nikaenda ufukweni kwa wavuvi kutafuta usipa, vidagaa vya huko ambavyo ni ndugu wa ndagala zetu. Nikawakuta wanashona nyavu na kupiga soga. Mitumbwi yote iko mchangani.

"Usipa?" Mzee wa mashua moja alicheka, akaonyesha angani. "Si umeona mwezi jana?"

Nilitamani mchanga unimeze. Dagaa hufuata taa ya mvuvi penye giza. Mwezi ukiwa mpevu, hakuna taa inayoonekana, hakuna uvuvi. Jambo hilo Uvira analijua mtoto wa miaka mitano. Nami nilikuwa nimechagua mbalamwezi makusudi, nisinunue mishumaa! Mtu msomi akisahau, husahau jambo kubwa.

Ruhusa yangu ilikuwa inaisha kesho yake. Ningeweza kununua samaki wa soko la Lilongwe na kunyamaza, lakini mjane wa mvuvi angejua kabla hajafunua kifuniko.

Nilikuwa bado nimesimama pale na sufuria mkononi nilipowasikia vijana wawili, mume na mke, wakigombana na mzee wa mashua. Walikuwa Wafaransa, Kiingereza chao cha kuokoteza. Walitaka kwenda kisiwa cha mawe kilicho mbele; walidhani mzee anawaibia, naye alidhani wanamtukana. Niliingilia kati. Kifaransa kikatoka kwangu kimenyooka kama mbele ya mkaguzi wa shule, Kichewa nacho kikafuata kinavyoweza, na kabla jua halijawa kali tulikuwa mashuani sote, mimi nimekaa mbele kama waziri.

Kule kisiwani nikaona wapwa wa mzee wanavuta wavu mchana kweupe.

"Wanavua nini na mwezi huu?"

"Utaka," mzee alisema. "Huyo hahitaji giza. Anakaa kwenye miamba. Nikupe nini kwa kazi yako, mphunzitsi?"

Mphunzitsi ni mwalimu. Nilimwambia anipe kamba ya wavu. Nikavuta nao mpaka viganja vikachubuka, huku wale Wafaransa wakinipiga picha, na tuliporudi nikapewa fungu langu. Mke wa mzee alinionyesha jinsi ya kuwapanga juu ya uchaga wa moshi, na alasiri nzima nililia kwa moshi huku nikiimba.

Kesho yake, ndani ya basi, abiria walifungua madirisha yote upande wangu. Pale Kawale fundi alinusa begi lake.

"Ndugu, begi yangu inanuka!"

"Angalia ndani kwanza."

Alichungulia, akaita mke wake. Mimi nikaendelea na safari, turubai kichwani, sufuria kifuani.

Kule Dzaleka, shemasi alilikunjua turubai akitafuta tundu. Tundu lilikuwepo, na samaki pia. Aliwahesabu, akasema tundu ni dogo.

Nilimwendea mama mwisho. Alifunua kifuniko, akachukua utaka mmoja, akamvunja mgongo, akanusa.

"Hii hapana ndagala."

"Hapana, mama. Mwezi ulikuwa mpevu."

Akaniangalia. "Na we mutoto ya Uvira!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, na majirani waliokuja kuona wakacheka bila kujua sababu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kichupa cha mawese, kilichobakiwa na tone la mwisho chini, akakiinamisha juu ya sufuria akingoja lishuke lote.

"Kaa," aliniambia. "Deni imeisha. Sasa unieleze: maji yake iko namna gani?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza.