Kabla Taya Halijafungwa

Kidevu cha Awinja kilikuwa kikimtangulia kuingia mlangoni, na watu wa soko la Kakamega hawakuona haya kumwambia. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji hodari wa sare za kwaya, ila meno yake ya mbele hayakukutana: ya chini yalipita nje ya yale ya juu. Wenzake walikata uzi kwa meno. Yeye hata chapati aliichana kwa vidole kabla ya kuitia mdomoni.

Mwaka wa tisini na tano alifungwa waya za meno Nairobi. Daktari Kiplagat alimwonya mapema kwamba meno yangepangwa kwanza, kila safu juu ya mfupa wake, kisha taya lenyewe likatwe na kurudishwa nyuma. Kabla ya hapo, kidevu kingeonekana kibaya zaidi. Na kweli, miaka miwili baadaye kilizidi kuchomoza, wateja wakasema amejiharibu kwa hiari yake. Awinja alicheka nao. Akiulizwa kama haogopi, alijibu haogopi, upesi upesi, kama mtu anayefunga mlango mvua ikija.

Kisha akaitwa wapange upasuaji. Daktari alimwekea mezani meno yake mwenyewe yaliyofinyangwa kwa plasta, akachukua msumeno mdogo, akalikata taya la chini mbele ya macho yake na kulisogeza nyuma. Daktari hakumficha lolote. Damu ingeweza kutoka nyingi. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ungeweza kuumia, na mdomo wa chini ukafa ganzi, pengine daima. Jamani, fundi wa nguo hushika pini kwa midomo. Angejuaje pini imemtoboa? Halafu taya la chini lingefungwa kwa waya na la juu kwa wiki sita ili mfupa uunge, naye anywe uji kwa mrija. Akitapika mdomo ukiwa umefungwa, angeweza kupaliwa akafa. Kwa hiyo mtu wake awe kando ya kitanda na mkasi wa kukatia waya.

Mtu wake alikuwa mmoja tu, Kukhu Zipporah, bibi aliyemlea huko Shinyalu. Na hapo ndipo hofu ilipompata mwenyewe, yaani huyo Kukhu. Kukhu alikuwa na pengo katikati ya meno ya chini, kama wazee wengi wa rika lake. Waling'olewa utotoni ili pepopunda ikibana taya, uji upitishwe hapo. Ndugu yake Shitanda alikanyaga msumari kabla umri wa kung'olewa haujamfikia. Taya likafunga, akafa mama yao akiwa ameshika kibuyu cha uji.

"Sisi tulikuwa tunatolewanga meno ndio mdomo usifunge," Kukhu alisema. "Wewe unaenda kufungwa na uko mzima?"

Awinja alimweleza habari za mkasi. Obusuma, ugali wao wa jioni, ukapoa mbele yao bila kuguswa. Asubuhi yake akajifunga leso na kusema kwamba mkasi huo hataushika mtu mwingine.

Hospitalini alimsumbua nesi amwonyeshe tena na tena waya za kukata, hadi nesi akachoka naye. Siku ya upasuaji, kitanda cha magurudumu kilipoletwa, alimshika mjukuu wake mkono.

"Shitanda alikuwa na neno la kuniambia," alisema. "Niliona kwa macho yake. Halikutoka. Kama uko na neno, sema sasa, kabla hawajafunga."

Awinja alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kumtuliza: kwamba daktari ni stadi, kwamba watarudi nyumbani wote wawili. Yote yalimpotea.

"Kukhu, naogopa."

"Hata mimi," Kukhu alisema, na hakumwachilia mkono mpaka mlangoni, walipomwambia amwachilie.