Mama Keki Anamsubiri Bingwa wa Ngozi

Asubuhi hiyo Mama Keki alifika kliniki ya ngozi na wifi yake, dada wa mumewe, akiwa ameshagawa nusu ya jiko lake. Mashine ya kupigia mayai kampa jirani. Vyombo vya kuokea kawaahidi wanafunzi wake. Sasa, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwa anamrithisha wifi siri ya keki yake ya ndimu, ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siagi iwe laini, ila isiyeyuke," alinong'ona. "Na ganda la ndimu ulikwaruze kabla hujakamua. Shika hilo, nikiondoka lisipotee."

"Uondoke kwenda wapi?" wifi akauliza. "Mbona tangu juzi unaongea kama bibi harusi anayeaga kwao?"

Ikabidi aseme. Walimkata kipande cha ngozi begani, kidogo kama punje ya dengu, kutoka kwenye baka jeusi lililokuwa likimkera, kikapelekwa maabara. Juzi alichukua majibu. Siku ya kumwona daktari bingwa ilikuwa haijafika, basi akafungua mwenyewe. Mstari wa juu kabisa ukasema saratani ya ngozi. Akaikunja karatasi palepale, akaitia mkobani, na tangu hapo usingizi ukamhama. Hata mumewe hakumwambia.

Msimcheke. Jikoni kwake kila oda hubandikwa kwenye friji, na mstari wa juu ndio kazi yenyewe: keki ya harusi, ghorofa tatu. Yanayofuata ni mapambo tu, rangi ya maua na jina la kuandika. Kasoma hivyo miaka yote na hajawahi kumharibia mtu sherehe.

Wifi akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

"Ya nini tena? Maji yameshamwagika."

"Lete, nitayazoa."

Wifi ni mtu wa kusoma mpaka nyuma ya boksi la dawa ya meno. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha kidole kikarudi juu. "Hapa pameandikwa 'Kinachoshukiwa'. Halafu kuna alama ya kuuliza. Hukuiona?"

"Nimeona saratani, wewe unaniuliza alama!"

Nesi aliyekuwa anapanga mafaili akasogea. "Hapo juu ni swali, mama. Daktari aliyekukata anawauliza maabara: je, hii ni saratani? Katikati wanaeleza kipande walivyokikuta. Jibu lao liko chini kabisa, kwenye 'Hitimisho'."

Wifi akasoma kwa sauti: "Hakuna seli za saratani zilizoonekana." Halafu likafuata jina la lile baka, refu, la kuuma ulimi. Alijaribu mara mbili akasalimu amri.

"Na hilo jina je?" Mama Keki aliuliza.

"Hilo mwachie bingwa," nesi akajibu. " Yeye atalinganisha karatasi na ngozi yenyewe."

Furaha ilikuwa imeshafika mlangoni, lakini Mama Keki hakuthubutu kuikaribisha. Jina refu namna ile haliwezi kuja kwa heri, alijiambia. Benchi zima lilikuwa limetega sikio, na alipoitwa ndani hata mzee mwenye fimbo alimwambia, "Nenda mwanangu, tupo."

Bingwa akalikagua bega kwa lenzi yake, akasoma karatasi yote, akatabasamu. "Hili halina madhara, mama. Si saratani, na haligeuki kuwa saratani. Hutokea tu umri ukisogea."

Sasa, mjue kwamba mwanamke huyu umri wake ulikuwa haugusiki. Mume mwenyewe aliuliza mara moja tu, wakiwa wachumba, akakoma. Lakini mlango wa bingwa ulifunguka kwa kishindo, na Mama Keki akasimama mbele ya benchi, mikono juu, machozi yakimtiririka.

"Wifi!" alipaza sauti, kliniki nzima ikasikia. "Ni uzee! Jamani, ni uzee tu! Nimezeeka mie!"