Risasi Tatu Kutoka Korongoni

Mume wangu Manousos alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mamake. Miaka ishirini aliwashusha wageni kwenye korongo letu, kutoka mlimani mpaka hapa ufuoni ninapouza samaki, na hakuwahi kushika fimbo hata siku moja. Kiunoni alivaa bastola ya marehemu baba yake. Wanaume wetu wa Krete ndivyo walivyo: mtoto akizaliwa, risasi, harusi, risasi, hata mbuzi akizaa mapacha!

Asubuhi ile ya Oktoba niliona wingu jeusi limeukalia mlima.

"Baba Rodanthi, usiende leo. Nafsi yangu inakataa."

"Wingu hilo limekuja kunywa kahawa tu, litaondoka," akacheka. "Wewe kaanga samaki. Leo anabatizwa mtoto wa dada yako. Nikifika pale korongo linapobana, nitampigia risasi tatu za salamu."

"Kwa mwoga huenda kicheko..."

"...kwa shujaa huenda kilio. Nimeisikia, mke wangu, nimeisikia!"

Gari likawapandisha mlimani, yeye, binti yetu Rodanthi na Waholanzi sita.

Ufuoni jua lilikuwa kali. Mtoto akabatizwa, meza zikajaa watu, lakini mimi tonge halikushuka. Kila nikigeuka, macho yalikwenda mlimani, na kule juu kulikuwa giza tupu. Saa nane mchana tukasikia: pa! pa! pa!

"Shemeji, mumeo huyo anapiga hodi!" akapayuka Pavlis, mume wa dada yangu. "Haya jamani, tumwambie karibu!"

Wanaume wakachomoa bastola zao, wakajibu hewani, tatu kwa tatu. Watu wakashangilia. Nami nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu, nikainua glasi ya raki. Nikala samaki wawili.

Nilipokwenda kuosha sinia pale kijito cha korongo kinapoingia baharini, nikaganda. Asubuhi maji yalinifika vifundoni, maangavu. Sasa yalikuwa tope tupu, yananguruma, yamebeba matawi na mbuzi aliyekufa. Shingoni ana kengele ya mbuzi wetu wanaolisha kule korongoni. Nikapiga ukelele, wanaume wakakimbia na kamba, lakini korongo lilikuwa limejaa ukuta kwa ukuta. Tukabaki tunaita majina.

Jioni Rodanthi akatokea juu ya majabali, kwenye njia ya mbuzi, na wale Waholanzi wote sita. Nikawahesabu mara mbili. Manousos hakuwamo.

"Baba yako yuko wapi?"

Alikuwa amelowa chapachapa, midomo inamcheza.

"Jiwe lilimbana mguu, Mama. Tulilisukuma sote, likakataa, na maji yanapanda. Akapiga risasi tatu. Mkajibu! Alifurahi, Mama, ungemwona. Akasema, 'Umesikia? Hao wanakuja na kamba. Wewe wapandishe wageni, mimi nawasubiri.' Kama msingejibu, nisingemwacha. Haki ya Mungu nisingemwacha."

Akawatazama wanaume mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hamkuja?"

Pavlis aliweka bastola yake mchangani, akakaa chini kando yake. Vidole vyangu bado vilikuwa vinanuka samaki.