Kahawa ya Mgeni Kwenye Rasimu ya Nne

Siku ya kwanza kuuona ukurasa mzuri umekatwa kwa wino mwekundu kuanzia juu mpaka chini, nilikasirika, haki ya Mungu. Ukurasa huo nilikuwa nimeuchapa mwenyewe na niliupenda. Nikamwuliza mwenyewe aliyeukata, "Mzee, huu umekukosea nini?" Akacheka, akasema nichape uliobaki.

Mimi ni mchapaji. Nina meza na kompyuta kwenye duka la steshenari hapa Kayanga, karibu na stendi. Barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, kadi za harusi, zote zinapita mikononi mwangu. Huyo mzee ni mwandishi wa vitabu hasa, vya kuuzwa madukani. Uzeeni alirudi kwao Nyakahanga akajenga jirani na hospitali, maana alisema presha haimsubiri mtu atafute bodaboda. Anaandika kwa mkono, namchapia, anaondoka na karatasi zake, anarudi nazo zimejaa wino mwekundu, nachapa upya. Kila mzunguko anauita rasimu. Mwenzangu wa dukani alimwona msumbufu. Mimi nilikuwa namsubiri kwa hamu, kwa sababu na mimi nilikuwa naandika hadithi yangu kimyakimya, na ilikuwa imenigomea.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama yangu na shangazi. Baba alipofariki, shangazi alisema mbele ya waombolezaji kwamba mama alichelewa kumpeleka hospitali. Maneno mazito hayo, na msibani! Baada ya matanga shangazi alikuja nyumbani kwetu Nyaishozi peke yake, akaketi, akaondoka. Tangu hapo yeye yuko Nkwenda, huko Kyerwa, mama yuko Nyaishozi, na wakikutana ni kwenye mazishi ya watu wengine. Nilitaka kuiandika siku ile aliyokuja. Nilitaka kuielewa, basi, kwa sababu nyumbani haizungumzwi.

Tatizo langu lilikuwa wageni. Kwetu mgeni haingii tu akaanza kusema shida yake. Anasalimiwa, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba yake, za mvua. Kisha analetewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa. Akishatafuna ndipo mnaongea. Basi na mimi nikaandika vyote, sikuacha hata kikohozi. Shangazi alifika mlangoni ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa tano bado alikuwa anaulizwa habari za maharage. We acha tu! Nilisinzia nikisoma hadithi yangu mwenyewe.

Nikamwomba mzee rasimu zake za zamani, zile anazoziacha dukani tufungie vitu. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Unataka kujifunza nini kwenye makosa yangu?" Nikamwambia makosa hayohayo. Akasema chukua.

Jumamosi mchana nikazitandaza sakafuni nyumbani, sura ileile moja, rasimu zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, nikatambaa juu yake na kalamu. Hadithi yake nayo ilikuwa na mgeni, jamaa aliyekuja kwa ndugu yake kuomba yaishe. Rasimu ya kwanza, jamani, nilicheka peke yangu: mzee mzima na vitabu vyake alikuwa ameandika salamu ndefu kuliko zangu! Mpaka ng'ombe waliulizwa hali. Ya pili salamu zimepungua nusu. Ya tatu zimeisha kabisa, kimebaki kikapu cha kahawa tu, mgeni anapokea, anatafuna. Ya nne, mwenye nyumba anakitazama kikapu pale kwenye kabati, halafu anakaa chini. Hakuna zaidi. Mgeni anasema jua ni kali, anaaga.

Nikachukua hadithi yangu nikatafuta mahali pa kahawa. Shangazi alikuwa amepewa. Nilikuwa nimempa mimi, kwa mkono wangu, na maneno ya ukarimu juu yake, wakati siku ile nilikuwa jikoni na niliona kwa macho yangu kwamba mama hakumpa. Sikuwa hata nimefikiria. Mkono tu ulikataa kumwacha mgeni mdomo mkavu nyumbani kwetu.

Jumatatu mzee alipoingia dukani sikungoja akae. "Shikamoo. Kwa nini ulimnyima yule mgeni kahawa?"

"Marahaba. Nani kamnyima? Kamnyima mwenye nyumba. Mimi niliacha tu kumfichia."

"Ulijua tangu mwanzo kwamba hatampa?"

"Ningejua, ningeandika mara moja nikalale," akasema, akanikabidhi karatasi nyekundu nyingine.

Nikaandika upya. Nikafuta maharage, nikafuta mvua, nikakiacha kikapu kabatini. Hadithi ikasimama vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mama yuko hai. Nikiitoa bila yeye kuisikia, nitakuwa nimemwanika mbele za watu kama shangazi alivyomwanika msibani. Na akiikataa, nitaichana, na nilishaipenda.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Nyaishozi, nikamkuta mama anamenya ndizi, nikakaa kwenye kigoda nikamsomea. Mwanzoni alikuwa ananitania, "Kumbe huko Kayanga wanakulipa kwa kusengenya?" Nilipofika kwenye kikapu, kisu kikasimama. Nikasoma hadi mwisho.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu basi, mama. Iliishia pale."

"Andika kwamba nilimwita arudi."

"Lakini hukumwita."

Nilijua nimemuumiza, na nikaona aibu. Nikaanza kumweleza, nikibabaika, habari za mzee na rasimu zake, kwamba hata yeye hapati mara ya kwanza, kwamba anarudia mara nne na zaidi, kwamba bado naweza kubadilisha. Mama alimaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akanawa, akaenda kabatini akatoa kikapu. Akakunja jani kavu la mgomba, akamimina kahawa humo, akafunga vizuri.

"Kesho omba ruhusa kazini," akasema. "Unisindikize Nkwenda."

"Mama, na wifi yako akikataa kuipokea?"

"Si umesema yule mzee wako anarudia mara nne?" akasema. "Mimi hata mara moja sijaenda."