Vipande vya Fundi Kasian

Mimi simwamini mtu anayenunua chuma bila kuomba apunguziwe. Ndiyo maana Daktari Mbuke alinitia wasiwasi tangu siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu hapa Soweto, Mbeya. Alitaka bati nene la chuma, aina moja tu, tena na karatasi ya kiwandani. Msukuma wa Rujewa, baba yake mfugaji, yeye kasoma mpaka kapitiliza. Nikamuuliza la nini. Akasema chuoni wanafyatua vidonge vya unga wa alumini na plastiki kwa mwendo mkali, vinagonga chuma, nao wanapima moto unaotoka. Ukikishika mkononi kidonge hakina neno. Kikijipigiza kwenye chuma ndipo kinawaka.

Nikajisemea, haya, mabomu hayo. Akacheka, akasema wanataka kujua vinawaka vikifikia mwendo gani, basi. Mimi sikucheka.

Kwa kulichonga bati liwe vipande vya kugongwa na vidonge nilimpeleka kwa jirani yangu Kasian, Mhehe wa Kilolo, mwenye mashine ya kukereza. Kasian si mtu wa maneno. Ukimsifia kazi anakutazama tu kama umemkosea. Alifundishwa na mafundi wa misheni huko Iringa, na kazi yake ilikuwa safi, lazima niseme. Lakini watu wakimya mimi nina mashaka nao.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa tatu mwaka huu Daktari akaja, kanuna. Vidonge ni vilevile, mwendo uleule, lakini kuna vipande vinatoa moto mkubwa na vingine mdogo. Alipovipanga kwa tarehe akakuta vyenye moto mkubwa vyote vilichongwa masika. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama chuma changu ni kimoja mwaka mzima.

Damu ikanichemka. Mimi niuze chuma feki? Nikamwambia chuma kinatoka kwangu kizima, kamuulize anayekichonga. Huenda anakiuza pembeni, wewe anakupa chakavu. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema tu ili kidole kisinielekee mimi. Na mdomo wangu ukishaanza hauna breki, mchana huohuo nikawasimulia na mafundi wengine wa mtaani. Haikufika wiki mbili wateja wakawa wanampita Kasian kama hawamwoni.

Daktari akaamua kuja karakana amtazame akichonga, kuanzia bati zima mpaka mwisho. Nami nikajipeleka, nione anavyoumbuka. Mvua ilikuwa inamwagika. Kasian akakata, akakereza, akapima, akapima tena. Chuma kilikuwa kilekile, sikuona pa kumkamatia. Kisha akachukua kitambaa kilicholowa oili, akakipaka kile kipande pande zote.

"Unafanya nini hapo, fundi?" Daktari akauliza.

"Napaka oili. Mvua hii, kitashika kutu kabla hujafika chuoni."

"Unapaka siku zote?"

"Kiangazi hapana. Masika lazima. Ndivyo tulivyofundishwa."

Daktari akakaa juu ya ndoo. Chuoni walikuwa wanavifuta kwa kitambaa kikavu tu. Oili iliyobaki ndiyo iliyokuwa inaungua pamoja na vidonge, na hakuna aliyeiandika popote. Vipimo vya masika zote mbili vikaenda na maji. Hata hivyo alisimama akamshika Kasian mkono, akamwomba radhi, akamweleza kwamba aliambiwa fundi anakiuza chuma pembeni. Hakunitaja. Ila macho yalimponyoka, yakaja kwangu.

Kasian akanigeukia. "Ungeniuliza, dada Ruwaida," akasema, kisha akaenda kuzima mashine.

Niliona aibu, nikatamani kutoka nje nilowe. Kesho yake nikaanza kuzunguka mtaa mzima. Kila niliyemwambia uongo nikamwambia ukweli, na ule mkasa wa oili wote. Hakuna aliyempelekea hata nati ya kuchonga. Mwezi wa sita Kasian akapakia mashine yake kwenye Fuso, akarudi Iringa. Siku hizi Daktari anavifuata vipande hukohuko, na chuma hanunui tena kwangu.

Juzi nilijaribu tena, nikamweleza fundi Fred, wa mlango wa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada Ruwaida, una moyo mzuri sana. Mwizi keshahama, bado unamfichia."