Habu ya Gia Tano

Mguu wangu wa kulia uliishiwa nguvu nilipokuwa na miaka minne, polio iliponipata, na tangu hapo nikiambiwa safari, huuliza kwanza kama kuna mlima. Nilipoajiriwa kufundisha shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Embu, nilipanga chumba mtaa wa Dallas mjini humo, ghorofa ya kwanza. Kazini nilienda kwa baiskeli ya kukunja niliyoachiwa na mtawa wa kigeni aliyekuwa akininyoosha mguu hospitalini kabla hajarudi kwao. Magurudumu yake yalikuwa madogo na fremu iko chini, kwa hiyo niliipanda na sketi yangu bila shida. Jioni niliikunja, nikaipandisha ngazi moja moja hadi kando ya kitanda.

Ilikuwa na gia tatu, zote zimefichwa ndani ya habu, kile kikopo cha chuma kilicho katikati ya gurudumu la nyuma. Gia nyepesi ilinitosha kila mahali isipokuwa kilima cha mwisho kabla ya shule. Hapo nilishuka, nikaisukuma nikichechemea. Hakuna mwanafunzi aliyenicheka. Walipunguza mwendo ili nisibaki nyuma peke yangu, na hilo ndilo lililoniuma.

Likizo ya Agosti, nikienda kwetu kijijini Kiirua na baiskeli yangu, nilishuka kituo cha Makutano kununua sukari. Kwa muuzaji wa baiskeli za mitumba nikaona gurudumu kubwa limeegemezwa ukutani, ekseli yake, mhimili wa katikati, imetokeza kicheni chembamba kila upande. Yangu ilikuwa na kicheni kimoja cha kuvutia gia. Kijitabu cha baiskeli yangu nilikuwa nimekisoma hadi kikachanika, nikajua: vicheni viwili ni gia tano.

Muuzaji aliitazama baiskeli yangu iliyokunjwa. "Dada, hilo gurudumu haliwezi kuingia kwa hako kadogo."

"Sitaki gurudumu. Nataka habu tu."

"Na hizi spoku nizifanyie nini?"

"Baki nazo."

Niliingia nyumbani kwa mama na habu ndani ya kiondo, chini ya sukari.

Fundi wangu wa Embu, mzee mpole mwenye kibanda karibu na soko, aliigeuza mikononi kwa muda mrefu. "Mwalimu, gia tatu unazo tayari. Ukiongeza utaenda wapi?"

"Juu," nikamjibu.

Kazi ilichukua siku tatu. Alikata spoku ziwe fupi, akazichonga upya nyuzi za kufungia nati, moja baada ya nyingine. Ekseli mpya ilikuwa ndefu, akapanua mikono ya fremu inayoshika gurudumu kidogo kidogo, akisimama kila mara kusikiliza kama chuma kinalia. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimsomea kijitabu na kumtafsiria. Kwa kuwa habu ilihitaji nyaya mbili, alifunga wenzo wa pili upande wa kushoto wa usukani. Zote zikavuta vizuri.

Kisha nikaikunja baiskeli. Waya mpya ukakatika, ta!

Nilidhani atanirudishia habu yangu na kunitakia heri.

"Ikunjue," akasema. "Sasa ikunje tena, polepole, nione waya unapita wapi."

Aliinama na kipande cha kamba, akapima njia nzima ya mkunjo, akakata waya mwingine na kuuachia kitanzi. Nikakunja, nikakunjua, nikakunja. Haukukatika.

"Ngoja niijaribu," akasema, akapanda, akatokomea. Nilibaki kibandani na spana zake. Mteja mmoja aliniomba nimzibie pancha. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi fundi aliporudi, shati limelowa jasho, anacheka peke yake.

"Nimefika mpaka shuleni kwako! Hiyo gia ya kwanza ni kama umeketi tu!"

"Fundi! Umekipanda kilima changu kabla yangu?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa nahakikisha, mwalimu."

Jumatatu shule ilipofunguliwa, asubuhi nilifika chini ya kilima, nikavuta wenzo wa kulia, kisha wa kushoto. Pedali zikawa nyepesi mno, hata nikadhani cheni imetoka. Haikuwa imetoka. Mguu wa kushoto ulikanyaga, wa kulia nao ukatoa kidogo ulichokuwa nacho, na safari hii kidogo hicho kilitosha. Nilikwenda polepole hata watoto waliokuwa wakitembea wakanifikia. Walipunguza mwendo kama kawaida, kisha msichana mmoja akapaza sauti: "Mwalimu hajashuka!"

Wakaanza kukimbia, wengine mbele, wengine ubavuni, wakipiga makelele kana kwamba shule yetu imeshinda mpira. Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuona kuna nini. Nilipita lango nimeketi, nikazunguka uwanja mzima mara moja, kisha nikauzunguka tena kwa sababu nilitaka.

Desemba nilienda Kiirua. Nilishuka barabarani, nikaikunjua baiskeli, nikapanda njia ya kwetu hadi kwenye shamba la viazi. Mama aliweka jembe chini. Aliangalia nyuma yangu akimtafuta mtu.

"Nani amekuleta?" akauliza kwa Kimeru.

"Hakuna, mama. Nimejileta."